Okonomiyaki ya kamba na ngisi wa jana: waweke katikati, usiwaweke juu

SWALI: Kila Jumapili nyumbani tunabakiza kamba wa kuchoma, ngisi wa kuchemsha, na mara nyingine pweza. Nimejaribu kuwatumia kwenye okonomiyaki, zile chapati nene za Kijapani za kabichi, nikifuata mapishi ya mtandaoni. Inavunjika nikiigeuza, katikati unga unabaki mbichi, na ngisi anakuwa mgumu hatafuniki. Isitoshe, kile kiazi chao sikioni hapa Tanga, na nguruwe hatuli. Nifanyeje?

JIBU: Dada, tuanze na ngisi, maana yeye ndiye anayeeleza mengine yote. Mapishi ya Osaka, ambayo ndiyo yaliyojaa mtandaoni, yametungwa kwa nyama mbichi. Mpishi humimina mchanganyiko wa unga na kabichi kwenye bamba la chuma, akatandaza juu yake vipande vyembamba vya nyama ya tumbo ya nguruwe, kisha akageuza ili nyama ikutane na chuma chenye joto la nyuzi 200 hivi. Mafuta ya nyama huyeyuka na kuukaanga uso wa okonomiyaki. Wanaotumia kamba na ngisi badala ya nguruwe hufuata hatua zilezile, na wakiwa wabichi haidhuru sana, kwani ndiyo kwanza wanaiva. Wako wameshaiva. Ukimrudisha ngisi aliyeiva juu ya chuma cha moto kwa dakika tano, nyama yake inajikaza na kujikamua. Yeye anakuwa mgumu, na maji aliyoyatoa yanaingia kwenye unga ulio jirani naye, unalowa, haushikani, na ukigeuza unapasuka. Kwa hiyo una tatizo moja lililojitokeza mahali patatu.

Dawa yake ni kubadilisha mahali. Vyakula vya bahari vilivyokwisha kuiva usivichanganye kwenye rojo wala usivitandaze juu. Vizike katikati, rojo na kabichi chini yake, rojo na kabichi juu yake. Huko ndani kabichi inatoa mvuke, na mvuke hauzidi nyuzi 100, kwa hiyo vinapata moto wa kutosha bila kukaangwa mara ya pili. Wajapani wenyewe wana okonomiyaki za bahari zinazosifika. Hinase, mji wa wavuvi katika mkoa wa Okayama, unajulikana kwa okonomiyaki ya chaza. Ila hao chaza ni wabichi, wa msimu wa baridi, na huivishiwa palepale kwenye chuma. Usiige hatua zao kwa kiporo.

Kabla ya kuwasha jiko, kiangalie kiporo chenyewe. Chakula cha bahari kilichoiva kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, saa moja tu. Kamba wa mchana waliokaa mezani chini ya kawa hadi jioni wageni walipoondoka si kiporo cha kupikia tena, hata wakinukia vizuri. Waliowahi kuingia friji (nyuzi 4 au chini yake) watumie kesho yake, au siku ya pili. Jodari, vibua na nguru wana hatari ya ziada: wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Samaki wa jamii hiyo akikuchoma au kukuwasha ulimi kama pilipili ilhali hana pilipili, mtupe.

Kisha vikaushe. Hatua hii mapishi mengi huiruka, na kwa kiporo ndiyo ya kwanza kwa umuhimu. Toa ganda na mshipa wa mgongoni wa kamba, katakata vipande vya sentimita moja hadi moja na nusu, vitandaze juu ya kitambaa safi au karatasi ya jikoni, funika na nyingine juu, bonyeza. Ngisi mkate mdogo zaidi, sentimita moja basi, kwa sababu kipande kirefu cha ngisi kinavutwa na meno na kutoka kizima kikiburuta nusu ya okonomiyaki. Pweza aliyechemshwa hadi akalainika ndiye bora kuliko wote kwa kazi hii. Mkate vipande vyembamba vya nusu sentimita. Samaki wa kukaanga anafaa pia: mchambue, toa miba na ngozi iliyolegea. Waliopikwa kwenye mchuzi wa nazi sikushauri. Hata ukiwasuuza, nazi na bizari zimeshaingia ndani, na sosi tamu ya juu itagombana nazo. Hao warudie kwa wali.

Sasa vipimo. Nakupa vya okonomiyaki moja yenye upana wa sentimita 17 na unene wa sentimita mbili na nusu, inayomtosha mtu mmoja mwenye njaa. Unga wa ngano gramu 50. Supu iliyopoa mililita 50. Kiazi kikuu kilichokunwa gramu 30. Yai moja. Kabichi iliyokatwa gramu 150. Vyakula vya bahari gramu 70 hadi 80. Majani ya kitunguu yaliyokatwakatwa, kiganja kidogo. Tangawizi ya siki kijiko kimoja cha chakula. Chengachenga za unga wa kukaanga vijiko viwili vya chakula. Chumvi punje kidogo tu. Tazama uwiano: kabichi ni mara tatu ya unga. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kakosea, anaongeza unga hadi rojo lijae, na hapo ndipo katikati panabaki pabichi. Rojo kazi yake ni kuipaka kabichi na kuishikanisha tu.

Unga uwe ule laini wa keki na maandazi, si ule mgumu wa mikate. Unga wenye protini nyingi ukikorogwa unavutika, na okonomiyaki inakuwa nzito. Changanya unga, supu, kiazi na chumvi kwa mapigo machache, acha madonge madogo yaliyobaki, weka kwenye friji nusu saa hadi saa moja. Unga unakunywa maji vizuri na kulegea. Yai na kabichi bado.

Kiazi ulichokikosa kinaitwa nagaimo, ni jamii ya viazi vikuu. Kikikunwa kibichi kinatoa ute mzito unaoshika hewa na unyevu, ndiyo maana okonomiyaki nzuri huwa laini ndani ingawa imejaa kabichi. Viazi vikuu vinavyopandwa huku kwetu ni ndugu yake wa karibu, na vingi vina ute wa kutosha. Menya, kuna kwa upande wa matundu madogo kabisa, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi kama ngozi yako huwasha. Ukiinua kijiko na uji wake ukavutika kabla ya kukatika, umepata. Usijaribu magimbi wala muhogo mbichi kwa matumaini kwamba vyote ni mizizi. Magimbi yasiyoiva sawasawa yanawasha koo, na muhogo mchungu una sumu ya sayanidi ambayo dakika kumi na mbili za kikaango hazitoshi kuiondoa. Kiazi kikuu nacho kikikosekana, punguza unga uwe gramu 40, ongeza gramu 10 za wanga wa mahindi, ule mweupe wa kuongezea uzito wa mchuzi, ongeza supu kufika mililita 60, na robo kijiko cha chai cha beking pauda, ambayo utaitia mwishoni pamoja na yai. Haitakuwa laini kama ya ute, lakini itainuka na kushikana.

Kuhusu supu, hapa uko mahali pazuri kuliko wengi wanaopika chakula hiki nje ya Japani. Wajapani hutumia dashi ya mwani na ya samaki jamii ya jodari aliyekaushwa na kuparuliwa, lakini pia wana dashi ya niboshi, yaani dagaa wadogo wa bahari waliochemshwa kisha wakakaushwa. Dagaa mchele wa Zanzibar hutayarishwa kwa njia hiyohiyo: huchemshwa kwenye maji ya chumvi, halafu huanikwa. Chukua gramu 10, kata vichwa na utoe utumbo mweusi, kwa sababu humo ndimo uchungu ulipo. Loweka kwenye nusu lita ya maji kwa nusu saa, chemsha taratibu dakika kumi, chuja. Kwa kuwa wameshatiwa chumvi, onja supu kabla ya kuongeza chumvi nyingine kwenye unga. Dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa kwa jua bila kuchemshwa wana harufu nzito zaidi na mara nyingi mchanga. Kwa supu hii nyepesi hawafai.

Au tumia vichwa na maganda ya kamba wenyewe, kama hukuyatupa Jumapili. Yakaange kwa kijiko cha mafuta dakika tatu hadi yanukie, ongeza maji mililita 400, chemsha robo saa, chuja kwa kitambaa. Supu inayobaki gandisha kwenye trei ya barafu. Supu yoyote utakayoitumia iwe baridi kabisa, kwa maana ikiwa ya moto inaupika unga ndani ya bakuli, na utapata gundi.

Kabichi ikate vipande vidogo vya nusu sentimita kwa sentimita mbili tatu, na mishipa minene ya katikati uipasue nyembamba. Ikiwa kubwa inaacha mapango ndani, na okonomiyaki inapasuka kufuata mapango hayo. Ukiikwangua hadi ikawa kama ya kachumbari, inatoa maji yote kwa mara moja. Ioshe kabla ya kukata, ikaushe, na usiitie chumvi. Na hili ulishike sana: yai na kabichi viingie kwenye rojo wakati kikaango kimeshapata moto, kwa okonomiyaki moja baada ya nyingine. Ukichanganya bakuli kubwa la watu wanne kwa pamoja, rojo la okonomiyaki ya nne litakuwa limekaa nusu saa, chumvi imeshavuta maji ya kabichi, na chini ya bakuli kuna dimbwi.

Chengachenga za unga, kwa Kijapani tenkasu, zinapuuzwa na watu wengi, lakini zinanyonya unyevu na kuacha nafasi za hewa. Koroga vijiko vinne vya unga na maji baridi hadi uwe uji mwepesi, chovya uma, nyunyiza matone kwenye mafuta ya moto, opoa baada ya dakika moja yakishakuwa ya dhahabu. Yanakaa siku kadhaa kwenye kopo lililofungwa. Tangawizi nayo kata njiti nyembamba sana, tia chumvi kidogo, baada ya nusu saa kamua, mimina siki iifunike, iache usiku mzima. Nyekundu ya dukani inapendeza kwa macho, lakini kinachohitajika kwenye kiporo cha bahari ni ule ukali unaokata harufu.

Kikaango kiwe kizito. Lile bamba lako la chapati linafaa kuliko kikaango chepesi cha bati, mradi una kifuniko kinachokifunika. Moto wa wastani. Kama unatumia jiko la mkaa, subiri makaa yavae jivu jeupe, yatandaze, usiyapepee. Tone la maji likidondoka na kuchezacheza kabla ya kukauka, joto limefika. Usizidishe moto, utaunguza nje huku ndani kubichi. Tia kijiko kimoja kizima cha mafuta, kwa kuwa hatuna mafuta ya nguruwe ya kukusaidia.

Pasua yai ndani ya rojo, tia kabichi, majani ya kitunguu, tangawizi na chengachenga, inua kutoka chini kwenda juu kwa kijiko mara kumi hivi ili hewa iingie, usipondeponde. Mimina theluthi mbili, zungushia duara. Panga kamba na ngisi juu yake ukiacha pembeni sentimita mbili tupu, maana kipande kikichungulia ukingoni ndicho kinachoanzisha ufa. Funika kwa theluthi iliyobaki, sukuma kingo ziwe wima. Usibonyeze juu.

Dakika tano za kwanza acha wazi. Tazama ukingo. Mwanzo unang'aa umajimaji na kabichi yake ni nyeupe. Kisha ule mng'ao unafifia kuanzia chini kupanda juu, na kabichi ya pembeni inaanza kupenya mwanga. Sauti nayo inabadilika: mchemko mzito wa maji unageuka kuwa mlio mkavu wa kukaanga. Sentimita moja nzima ya ukingo ikishakauka, tikisa kikaango. Ikiteleza yote kwa pamoja, geuza. Ikishikilia, ngoja dakika moja, uijaribu tena. Wengi huivunja kwa kuigeuza dakika ya tatu wakihofia kuungua, chini kukiwa hakujashikana.

Kugeuza kwa miko miwili kunataka mazoezi, na Wajapani wana miko bapa ya chuma ya kazi hiyo. Wewe telezesha okonomiyaki kwenye sahani bapa, funika kikaango juu ya sahani, pindua vyote viwili kwa mwendo mmoja. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta pembeni, funika na kifuniko, dakika tano. Hapo ndipo katikati panapoivia. Futa maji ya ndani ya kifuniko mara moja katikati ya muda, yasije yakadondokea juu. Geuza tena, acha wazi dakika mbili ili uso urudishe ukavu wake. Jumla dakika kumi na mbili hadi kumi na tatu. Chomeka ncha ya kisu katikati, hesabu hadi kumi, ichomoe: isitoke na rojo, na iwe ya moto wa kuunguza ukiigusa nyuma ya mkono. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 75.

Sishauri kabisa kuigandamiza kwa mwiko ili iive upesi. Unafukuza hewa yote, mvuke unatoka badala ya kupika ndani, na vipande vya bahari vinasukumwa hadi kwenye chuma tulikovikwepesha.

Sosi ya juu unaweza kuitengeneza mwenyewe: tomato sosi vijiko vitatu vya chakula, sosi ya Worcester vijiko viwili, sosi ya soya kimoja, na tende mbili zilizolowekwa kwa maji ya moto kisha zikapondwa na kuchujwa. Tende si ubunifu wa pwani. Otafuku, kampuni ya Hiroshima inayotengeneza sosi ya okonomiyaki inayojulikana zaidi, huzitia kwenye sosi yake ili ipate utamu mzito. Ukinunua ya chupa, soma lebo: baadhi ya sosi za aina hii zina kiini cha nyama, na mapishi mengine huongeza mirin au sake, ambavyo ni vileo. Paka sosi, kisha mistari ya mayonezi, kisha samaki mkavu wa kuparuliwa kama unaye. Unga wa kijani unaouona kwenye picha ni mwani wa aonori. Usitumie badala yake mwani mkavu wa Paje au Jambiani, kule Zanzibar. Ule ni wa aina nyingine, hulimwa kwa ajili ya karajinani, dutu ya kugandishia vyakula, na ukilowa unakuwa jeli. Majani ya kitunguu mabichi yanatosha.

Kuna aina ya Hiroshima pia, ambayo hawachanganyi kitu: chapati nyembamba chini, kilima cha kabichi, tambi, yai. Kwa kiporo cha bahari muundo wake ni mzuri sana, kwa vile vipande vinakaa ndani ya kabichi inayojipika kwa mvuke, lakini kuugeuza mlima ule bila kuumwaga si kazi ya kuanzia.

Nyongeza moja inayowahusu hasa wanaoishi kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Unga uliofunguliwa, na zaidi ile michanganyiko ya okonomiyaki yenye viungo ndani, ukikaa kabatini huingiwa na utitiri usioonekana kwa macho. Japani imeripoti watu waliopata mzio mkali baada ya kula okonomiyaki ya unga wa namna hiyo, na kupika hakuondoi kinachosababisha mzio huo. Mgonjwa husingizia kamba, kumbe ni unga. Uweke kwenye chombo kinachofunga kabisa, ndani ya friji. Mtu akivimba midomo au kubanwa na pumzi baada ya kula, hospitali kwanza.

Okonomiyaki yenye kiporo iliwe ikiwa ya moto, na isirudi tena friji, kwa kuwa vilivyomo vimeshapashwa mara moja. Ukitaka ya akiba, pika chache tupu, bila vitu vya bahari, zipoze, zifunge moja moja na uzigandishe hadi mwezi mmoja. Na ikitokea imepasuka mkononi mwako wakati wa kugeuza, isukumie pamoja ingali kwenye kikaango, pasua yai jingine juu ya ufa, funika dakika tatu. Yai litaiunga, na sosi itafunika kovu.